HSA na FSA hapa Marekani: maswali mnayoniuliza kila Novemba

Kila ikifika Oktoba Novemba simu yangu haitulii. Watu wanaletewa karatasi kazini wachague bima ya mwaka unaokuja, wanakuta vijina vya herufi tatu tatu, HSA, FSA, HRA, wanatiki tu ili yaishe au wanaacha wazi. Mi sio mwanasheria wala mhasibu, nimefanya kazi za utumishi miaka kadhaa na kabla ya hapo nilikuwa naosha wazee kwenye nyumba za kulelea kama wengi wetu tulivyoanza, kwa hiyo haya makosa nimeyafanya mwenyewe kwanza. Viwango nilivyoweka hapa ni vya mwaka 2026, vinabadilika karibu kila mwaka.

Hivi hivi vitu ni nini hasa, ni bima nyingine?

Hapana, sio bima. Bima ni bima. Hizi ni pochi mbili za kuwekea hela ya hospitali, na hela inaingia kwenye pochi kabla serikali haijakata kodi. FSA ni ya mwajiri, yeye ndo ameianzisha, we unaitumia tu ukiwa kazini kwake. HSA ni akaunti yako ya benki kabisa, ina jina lako, ukihama kazi unaondoka nayo. HSA ilikuja na sheria aliyosaini George W. Bush Desemba 2003. Na HRA ni hela ya mwajiri peke yake, we huchangii hata senti, kwa hiyo ukipewa we shukuru tumia.

Sasa nikikatwa mshahara mi nafaidi nini? Si hela ni ileile?

Sio ileile. Tupige hesabu. Tuseme kwenye kodi uko kundi la asilimia 12, wengi wetu tuko hapo, juu yake kuna ile 7.65 ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya wazee) wanayokata kila mshahara. Jumla 19.65. Ukiweka dola 2,000 kwenye FSA unakuwa umeokoa dola 393 ambazo zingeenda kwa serikali. Ukiwa kundi la asilimia 22 inakuwa dola 593. Hapo sijagusa kodi ya jimbo, ambayo majimbo mengi nayo inapungua. Kwa hiyo kama unajua kabisa mwaka huu mtoto anawekewa waya za meno na utalipa 2,000 upende usipende, kuilipa kwa hela iliyokwisha katwa kodi ni kujipunja mwenyewe.

Kuna mzee mmoja aliniambia "ila mshahara wangu wa Social Security utapungua nikizeeka". Kweli unapungua, ila kidogo sana kiasi kwamba sioni sababu ya kukosa usingizi.

Nichague ipi?

Mara nyingi bima yako ndo inakuchagulia. HSA unaruhusiwa tu kama bima yako ni ya dedaktibo kubwa, yaani ile ambayo we unalipa bili zako mwenyewe mpaka ufike kiwango flani ndo bima inaanza kuchangia. Kwa 2026 hicho kiwango kinatakiwa kianzie dola 1,700 kwa mtu mmoja au 3,400 kwa familia, na jumla utakayotoa mfukoni kwa mwaka isizidi 8,500 au 17,000. Chekapu na chanjo za kawaida bima inalipa yote tangu siku ya kwanza, usije ukaacha kumpeleka mtoto chanjo kwa kuogopa dedaktibo.

Ukiwa na bima hiyo unaweza kuweka mpaka 4,400 kwa mwaka ukiwa peke yako au 8,750 kwa familia, na ukiwa na miaka 55 kwenda juu unaongeza 1,000. Hela anayokuwekea mwajiri nayo imo humohumo kwenye hicho kiwango. Na mwajiri akikuambia anaweka 500 au 1,000 bure, ndugu yangu fungua hiyo akaunti leo, kuna watu wameacha hiyo hela mezani miaka mitatu kwa sababu hawakubonyeza kitufe kimoja.

FSA haijali bima ya aina gani, kikomo ni 3,400 kwa 2026.

Maoni yangu: kama una sukari, au mke ana mimba, au unatumia dawa za kila mwezi, usikimbilie dedaktibo kubwa kwa sababu tu HSA inasifiwa mitandaoni. Wanaoisifia sana ni vijana wenye afya na mishahara minono. Chukua bima ya kawaida, weka FSA, lala salama.

Nisipoimaliza hela ya FSA inakuwaje?

Inapotea. Ndo kasoro yake kubwa na ndo iliyonichoma mimi. Mwaka wangu wa kwanza niliweka 1,200 kwa sababu dada mmoja kazini alisema weka tu, mi sikuumwa hata mafua mwaka mzima, Mungu mkubwa, Desemba nikakuta nina mia nane na kitu. Nikanunua miwani mbili, mashine ya presha, plasta za kutosha kikosi kizima cha jeshi, bado zikabaki kama mia nne zikaenda. Zinaenda kwa mwajiri, anaruhusiwa kulipia gharama za kuendesha huo mpango au kuwagawia wafanyakazi. Sikugawiwa.

Mwajiri anaweza kulegeza kwa njia moja kati ya mbili, sio zote: ama anakuruhusu uhamishe kiasi kwenda mwaka unaofuata (kutoka 2026 kwenda 2027 mwisho ni 680) ama anakupa miezi miwili na nusu ya nyongeza, yaani mpaka Machi 15. Anaweza pia asikupe chochote. Uliza HR (ofisi ya utumishi kazini kwako) swali hilo kabla hujaandika namba. Na uliza pia mwisho wa kupeleka risiti ni lini, maana hiyo ni tarehe nyingine tofauti, watu wengi wanachanganya hapo.

HSA haina hayo mambo. Hela inakaa hata miaka 30.

Nasikia FSA unaweza kutumia hela yote Januari hata kama hujakatwa bado, ni kweli au stori?

Kweli kabisa na watu wengi hawaijui. Umesema mwaka huu utakatwa 2,600, mia mia kila wiki mbili. Februari jino linakuamsha usiku, daktari anataka 2,600. Umekatwa labda 400 tu. Unaswaipu kadi inalipa yote, we unaendelea kukatwa taratibu. Na ukiacha kazi Machi hawawezi kukudai iliyobaki. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba ukiacha kazi Machi na hujatumia kitu, ile uliyokatwa huioni tena, unaweza kudai tu matibabu ya kabla ya siku ya kuondoka, labda uendelee nayo kwa COBRA, yaani ile sheria ya kubaki kwenye mpango wa mwajiri uliyemwacha kwa kujilipia mwenyewe. Kwa hiyo ukijua unahama kazi, nenda kwa daktari wa macho kwanza halafu ndo uandike barua.

HSA ni kinyume, unatumia kilichomo tu.

Naweza kumlipia mama yangu aliyeko nyumbani?

Hili ndo swali naulizwa kuliko yote, na jibu linaniuma kulitoa. Hapana. Mama yuko Kigoma au Bukavu au Kisumu, unamtumia hela kila mwezi, unamlipia hospitali wewe, lakini kwa sheria ya kodi ya Marekani mzazi anahesabika tegemezi wako kama ni raia wa hapa, au mkaaji wa Marekani, Kanada au Mexico. Hata ukimlisha kwa asilimia mia. Risiti ya Muhimbili yenye jina lake haifai.

Ila mama akiwa hapa, ana grinikadi, na zaidi ya nusu ya maisha yake unayabeba wewe, hapo unaweza, na sio lazima akae nyumba moja na wewe. Mama aliyekuja kutembea kwa viza miezi miwili mitatu naye hayumo, yule mkatie bima ya msafiri kabla hajapanda ndege tafadhali, bili ya emajensi ya hapa mnazijua.

Na mke au mume aliyebaki nyumbani anasubiri viza?

Mwenza wa ndoa ya kisheria unaweza kumlipia, huyo hadaiwi ukaaji wala uraia. Mwenza mmoja. Kuna kaka aliniuliza kuhusu bi mdogo, nikamwambia hiyo ndoa ya pili sheria ya huku haiitambui kwa hiyo tusiandikiane hayo kwenye simu. Watoto walio nyumbani ambao sio raia wala wakaaji wa Marekani, kwa HSA hawaingii.

Na kwa watoto walio hapa kuna mtego mmoja. FSA inamhudumia mtoto mpaka mwisho wa mwaka anaofikisha miaka 26. HSA inataka awe tegemezi wako kwenye kodi. Kwa hiyo kijana wa miaka 25 anajitegemea, yuko kwenye bima yako, bado huwezi kumlipia kwa HSA yako. Ila yeye anaweza kufungua ya kwake.

Nikienda likizo nyumbani nikaugua nikatibiwa huko, inalipika?

Hii inalipika, furahi. Matibabu yako mwenyewe nje ya Marekani yanahesabika mradi ni kitu halali huko na halali hapa. Malaria imekulaza Mombasa siku mbili, umeng'oa jino Dar, umepimwa ukanunua dawa ukazimeza hukohuko, sawa. Lipa mwenyewe kwanza kwa sababu kadi ya FSA usitegemee ifanye kazi kule, halafu omba risiti inayoonyesha jina lako, tarehe, umetibiwa nini na shilingi ngapi. Ile karatasi ndogo ya "imepokelewa kwa shukrani" yenye mhuri haitoshi. Ukirudi badili kuwa dola kwa bei ya siku ile, na kama risiti ni ya Kiswahili au Kifaransa tafsiri.

Visivyofaa: tiketi ya ndege ya likizo hata kama ulitibiwa, na dawa ulizonunua Kariakoo ukaja nazo begini kutumia huku.

Na kabla ya safari, vidonge vya kinga ya malaria ulivyoandikiwa na daktari pamoja na chanjo ya homa ya manjano, vyote lipia kwa kadi. Familia ya watu watano hiyo peke yake ni mamia ya dola.

Nipe orodha ya vitu vinavyoruhusiwa

IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, wana kijitabu chao namba 502, kiko bure mtandaoni, ndo pa kuanzia. Kwa haraka haraka: kopei (kile kiasi unacholipa kila ukimwona daktari), dedaktibo, kujifungua, meno (kuziba, kung'oa, waya), miwani na lenzi, mashine za kusikia, magongo, kipimo cha sukari, mashine ya presha, pampu ya maziwa. Ile sheria ya korona ya Machi 2020 iliruhusu dawa za dukani bila cheti cha daktari, Tylenol, za mafua, za aleji, na pedi pia. Kondomu imo. Losheni ya jua imo. Hata kuendesha gari kwenda hospitali unaweza kudai, mwaka 2025 ilikuwa senti 21 kwa maili, pamoja na paking. Mtu anayesafisha figo mara tatu kwa wiki hiyo ni hela ya kueleweka.

Haviruhusiwi: dawa ya mswaki, kung'arisha meno, upasuaji wa urembo, jimu ya kawaida, daipa za mtoto mwenye afya, mazishi. Michango ya bima ya kila mwezi nayo haiingii, isipokuwa kwa HSA kuna vimilango vichache kama COBRA, au unapopokea hela za kukosa kazi, au Medicare baada ya 65.

Mlonge, mitishamba, vitamini?

Kama ni ya kujenga mwili tu, hapana. Kama daktari amekupima, amekuta una ugonjwa flani na amekuandikia hicho kirutubisho kwa ajili ya huo ugonjwa, inawezekana, tunza barua yake. Mzee wa WhatsApp anayeuza unga wa kutibu magonjwa 40 hahesabiki kuwa daktari.

Kadi ilikubali dukani, mbona sasa wananidai risiti?

Kadi kukubali haimaanishi wamekubali. Kwa FSA msimamizi lazima ahakikishe, asipopata risiti anafunga kadi na mwisho anaweza kukukata au kukuhesabia kama mshahara. Karatasi nzuri kuliko zote ni ile taarifa bima wanayokutumia baada ya matibabu, ile tunayoitupa kwa sababu imeandikwa "hii sio bili". Usiitupe. Piga picha.

HSA hakuna anayekuuliza siku hiyo, ila IRS wakija miaka miwili mbele utaonyesha wewe.

Mi ni dereva wa lori wa kujitegemea, na hizi zinanihusu?

FSA hapana, hiyo inataka mwajiri. HSA ndio, na tangu Januari 1, 2026 imekuwa rahisi kwenu, kwa sababu ile sheria kubwa ya Julai 2025 imefanya bima zote za daraja la Bronze za Healthcare.gov (soko la bima la serikali) na masoko ya majimbo zikubalike kwa HSA. Zamani ulikuwa unasoma maandishi madogo moja moja. Madereva wengi mna Bronze tayari, kwa hiyo fungua akaunti benki yoyote inayotoa HSA, weka, halafu unaipunguza kwenye kodi ya mapato. Ile kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 haipungui. Na una mpaka Aprili 15 ya mwaka unaofuata kuweka hela ya mwaka uliopita, kitu kizuri kwa mtu ambaye mapato yake hayajui mpaka msimu uishe.

Mke wangu ana FSA kazini kwake, mi nina HSA, kuna shida?

Kuna shida. FSA yake ya kawaida inaweza kulipia matibabu yako, kwa hiyo kisheria we tayari una msaada mwingine na hutakiwi kuchangia HSA, hata kama hajawahi kukulipia panadoli. Nimeona hii ikiwaharibia watu wawili wenye adabu kabisa. Dawa yake ni yeye achukue FSA ya meno na macho tu, kama kazini kwake ipo. Medicare na Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) nazo zinakuzuia kuchangia. Wazee mnaokaribia 65 mkumbuke Medicare sehemu A inaweza kurudi nyuma miezi sita, simamisheni kuchangia HSA mapema.

Nikitoa hela ya HSA nikatuma nyumbani kwa msiba, nani atajua?

Benki inapeleka fomu 1099-SA kwa IRS, ndo atajua. Kama sio matibabu na hujafika 65 unalipa kodi ya mapato na faini ya asilimia 20 juu yake. Dola 1,000 kwa mtu wa kundi la 12 inabaki 680. Baada ya 65 faini inaondoka, inabaki kodi tu.

Ila kuna ujanja halali. Ukilipa bili ya hospitali kwa hela yako mfukoni, ukatunza risiti, unaweza kujirudishia kutoka HSA hata baada ya miaka kumi, mradi bili ni ya baada ya akaunti kufunguliwa. Kwa hiyo risiti ya mwaka juzi ya 900 ni kama 900 iliyolala inakusubiri. Siku ya msiba unaitoa ile, hakuna kodi hakuna faini. Hii ndo sababu nawaambia fungua akaunti mapema hata kwa dola 25, tarehe ya kufungua ndo mali.

Kwenye kodi najaza nini?

FSA ya matibabu hujazi kitu. HSA unajaza fomu 8889 kila mwaka uliochangia au kutoa. Kosa la kila mwaka: W-2 yako (ile karatasi ya mshahara wa mwaka mzima) kisanduku 12 ina herufi W na namba, hiyo ni jumla ya ya mwajiri na uliyokatwa kwenye mshahara. Mtu anaichukua anaipunguza tena. Hapana, ilishapunguzwa. Na mlioko California na New Jersey, jimbo lenu linakata kodi kwenye HSA, mwambieni anayewajazia maana wengine hawajui.

Ile FSA ya watoto nayo ni ya hospitali?

Sio ya hospitali, ni ya kulipia dekea mkiwa kazini. Kuanzia 2026 kikomo kimepanda kutoka 5,000 kwenda 7,500. Unaweza hata kumlipa bibi yao anayewalea, mradi sio tegemezi wako kwenye kodi, na atoe namba yake ya Social Security atangaze hayo mapato. Hapo kwenye kutangaza ndo mabibi wengi wanasema basi mwanangu nitawalea bure.

Nikibadili mawazo katikati ya mwaka?

HSA unabadili kiasi mwezi wowote. FSA mpaka litokee jambo: umeoa, umeachika, mtoto kazaliwa, mwenza kapoteza bima. Kwa kawaida unapewa siku 30 tu, na mtoto mchanga siku 30 hujui hata zimepitaje, kwa hiyo piga simu HR ukiwa bado wodini.

Na nikirudi nyumbani moja kwa moja?

HSA inabaki yako. Huwezi kuendelea kuichangia bila ile bima ya Marekani, ila kilichomo unakitumia kwa matibabu yako hukohuko Tanga au Lubumbashi kwa masharti yaleyale ya risiti. Andika mrithi kwenye akaunti kabla hujapanda ndege. Ukimwandika mume au mke inakuwa HSA yake hivyohivyo ilivyo, ukimwandika mtu mwingine akaunti inafungwa siku unayofariki na hela inahesabiwa kuwa mapato yake. Kuna sehemu ya kujaza mrithi kwenye tovuti ya benki, ni dakika mbili.